Mkebe wa Solusheni Chini ya Kiti cha Fundi

Kilichoninyima usingizi wiki nzima kilikuwa mkebe wa solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya tyubu. Ukiuacha wazi, gundi inakauka na mkebe unakuwa wa kutupwa. Fundi alijua hilo kuliko sisi sote. Alikuwa bahili wa vitu vidogo kupita mtu yeyote niliyewahi kukaa naye: aliinyoosha misumari iliyopinda, alikata tyubu zilizochoka kuwa kamba, na mteja akiomba tone la oili la bure alimpa kwa ncha ya spoki. Sasa kwa nini mtu wa namna hiyo aache mkebe wazi chini ya kiti chake kutwa nzima, siku niliyopita kumsalimia na kukuta hakuna tairi hata moja la kuzibwa?

Nilijipa majibu. Amesahau. Kifuniko kimepotea. Kila jibu nililikubali kwa muda, kisha nikaanza kuliminya hadi likapasuka. Ndivyo nilivyo. Nikimtumia mtu mzima ujumbe wa shikamoo, nausoma mara tatu baada ya kuutuma, nikitafuta nilipokosea. Kwa hiyo nilijua kuwa huenda ni wasiwasi wangu tu. Lakini harufu ya solusheni ni kali. Inajaza kibanda kizima, na mtu aliyeingia hanusi kitu kingine.

Majirani wa mtaa wa Bombambili walimwita kwa jina lake. Mimi nilimwita Fundi, na hapa nitaendelea hivyo. Alikuwa fundi baiskeli kabla ya kuvunjika mgongo, akabaki fundi baiskeli baada ya hapo, tofauti ikiwa kwamba sasa baiskeli ziliwekwa juu ya meza na yeye akawa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Tulifahamiana miaka mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo na nimekaa nyumbani Msamala mpaka mama akaacha kuniuliza habari za kazi, ndipo nikapata mkataba katika utafiti wa watu walioumia uti wa mgongo. Kazi yangu ilikuwa kumtembelea kila mshiriki kwake kila baada ya miezi mitatu na dodoso mkononi: analalaje, anakojoaje, ana kidonda, anayaonaje maisha.

Baadhi ya washiriki waliwekwa kwenye kundi la kusimama. Mara tatu kwa wiki walikwenda hospitalini, wakafungwa vyuma miguuni, wakasimamishwa katikati ya fito mbili huku wameshikilia. Wakubwa wetu walitaka kujua kama kusimama hivyo kunaupa mwili nguvu na kupunguza madhara ya kukaa siku zote. Fundi alikuwa humo. Sharti lilikuwa moja na kila mtu alilijua: mwenye kidonda hasimamishwi. Anatoka kwenye fito hadi kipone, na vidonda vya kukalia vinaweza kuchukua miezi mingi kupona. Vingine haviponi. Mzee mmoja wa upande wa Tunduru alizikwa kwa kidonda ambacho mwanzoni kilikuwa doa jekundu tu, na Fundi alikwenda msibani akiwa juu ya kiti chake, nyuma ya pikapu.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake na nesi wa utafiti. Nilimsomea fomu ya ridhaa kwa haraka, kama tulivyozoea. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Sasa soma pale panaposema naweza kukataa."

Nikapasoma.

"Na pale panaposema mkinidhuru nimwone nani."

Nikapasoma. Ndipo akachukua kalamu, akaikagua wino, akatia sahihi. "Mnasema utafiti wa mgongo," alisema, "mbona maswali yote ya mkojo?" Nesi alicheka. Mimi nilitoka jasho. Tangu siku hiyo hakunipa jibu lolote bila kuniambia nimsomee nilichoandika. Alikuwa na shaka na karatasi, na alisema wazi: "Mnakuja, mnaandika, mnaondoka. Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia karatasi ilisema nini."

Siku hiyo nesi ndiye aliyemgeuza na kumkagua ngozi, huku mimi nimesimama nje. Safi, alisema. Niliandika: hakuna kidonda. Waliomsimamisha hospitalini walitegemea mstari huo.

Ziara ya pili nilikwenda peke yangu. Kabla sijatoa dodoso, Fundi alimwita binti yake, Anjela, aliyekuwa akimhudumia na kuuza maandazi mbele ya kibanda.

"Mwone huyu. Msomi, mpole, hana kelele. Kuanzia leo ni mkwe wangu."

"Baba, mimi nina mchumba Mbinga," Anjela alisema bila kugeuka.

"Wa Mbinga hajaleta hata kuku. Huyu kaleta karatasi."

"Kaka, usimsikilize. Fundi wa gesi juzi naye alikuwa mkwe."

Tulicheka sote. Nami nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi akitaniwa huona amepokelewa. Nilipofika kwenye ukurasa wa ngozi, ambao unataka mshiriki ageuzwe na kuangaliwa, Fundi alinyoosha kiganja. "Hapo hapana. Mkwe hamwoni mkwewe huko." Alisema huku anatabasamu, lakini mkono haukushuka. Nami nimelelewa humuhumu. Najua mjomba wangu hupita nyuma ya nyumba asikutane uso kwa uso na mkwewe. Nikauliza kwa mdomo, "Kuna kidonda, Fundi?" Akajibu, "Hakuna." Nikamsomea: hakuna.

Nilijiambia moyoni kwamba ziara ijayo nitakwenda na nesi. Nesi alikuwa na washiriki mpaka Namtumbo na Mbesa. Ziara ijayo ikawa vilevile, na iliyofuata. Utani ule uliota mizizi. Akiniona kwa mbali alipaza sauti, "Mkwe, karibu!" nami nilijibu, "Shikamoo, baba mkwe," na wateja wakacheka. Sikujua kama mtu anaweza kufungwa kwa kicheko.

Kuhusu namna alivyoumia nilikusanya habari tatu. Kwenye fomu alisema alianguka kutoka juu ya lori la mahindi. Katekista wa mtaani aliniambia alianguka akiezeka paa la kanisa la kigango. Anjela alisema, "Mwembe. Alipanda kumshusha kuku wa jirani." Mtu kama mimi hawezi kuacha jambo kama hilo. Nilimuuliza.

"Mgongo ulivunjika mara moja," alisema. "Stori ni zangu."

"Lakini Fundi, fomu inataka ukweli."

"Fomu inataka mgongo. Mgongo si huu?"

Kwenye swali la kuridhika na maisha, kuanzia sifuri hadi kumi, alitoa saba kila mara. Nilimwambia ni ajabu, watu hupanda na kushuka. Akasema, "Nikisema kumi utaniita mwongo. Nikisema tano utanihurumia. Andika saba, tuendelee."

Na bado, mtu huyuhuyu niliyemshuku kwa kila jibu ndiye aliyewaokoa wengine. Viti vya msaada vilikuja na magurudumu madogo ya mbele yaliyozama kwenye udongo mwekundu mvua zikianza. Fundi aliyakata, akachomelea uma wa baiskeli na gurudumu moja kubwa mbele, kiti kikawa na sura ya guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na kikapanda mlima wa Lizaboni. "Hiki kilitengenezewa sakafu," alisema kuhusu kila kiti kipya, kwa dharau, huku tayari anatafuta spana.

Kila aliyetoka wodini na kupita kwake alipewa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kengele ya baiskeli, ya kufungwa mkononi mwa kiti. Aliwafundisha kuiliza mara kwa mara, na kila ikilia, wajinyanyue kwa mikono, makalio yaachane na kiti, wahesabu polepole, washuke. Asiye na hisia huko nyuma hawezi kujua damu imekatika. "Huko nyuma kwangu ni kama nyumba ya jirani," aliwaambia. "Inaweza kuungua nisijue. Kwa hiyo nachungulia."

Cha kuchungulia kilikuwa kitu cha pili: kioo cha pembeni cha pikipiki, kilichofungwa kwenye kipande cha fimbo ya ufagio. Kila asubuhi, kabla ya suruali, mtu anajigeuza upande na kutazama ngozi yake kwenye kioo. Ukiona wekundu usiokwenda, hukai siku hiyo. Unalala kifudifudi, hata kama kuna harusi. Aliwakaripia kwa hilo. Nilimsikia akimwambia mama mmoja wa Namtumbo, aliyeanguka kutoka juu ya bani la kukaushia tumbaku, "Ukinidanganya mimi, nitakuja kula pilau ya msiba wako na nitarudia sahani." Mama yule alilia na kucheka pamoja, kisha akaondoka na kioo.

Nikakumbuka, wiki ile ya kukosa usingizi, kwamba kioo kile kilikuwa cha Fundi mwenyewe. Vingine vilikuwa vimekwisha, akakitungua chake ukutani. Msumari ulibaki. Katika ziara tatu zilizofuata niliuona msumari ule mtupu, na sikuwahi kuuliza.

Baada ya kukumbuka msumari nilikumbuka kengele. Zamani ilipolia, mabega yake yalipanda na kitambaa cha kiti kikajikunjua chini yake. Siku hizi kidole kililiza kengele na mabega yakabaki palepale. Tena ililia hasa pikipiki ya mgeni ilipokata kona. Nilikumbuka pia kwamba aliwahi kutetemeka nikiwa naye, mchana wa jua, na jasho likimtoka kipajini. Alisema malaria. Sikuandika malaria kwa sababu dodoso halikuwa na nafasi yake.

Nitaje na rafu ya juu, maana bila hiyo Fundi anaonekana mjinga, na hakuwa mjinga. Ndani ya kibanda, juu ya meza, kulikuwa na rafu ndefu, na juu yake ringi moja ya gurudumu la nyuma, nusu yake imenyooshwa, nusu bado imepinda. Aliiweka pale asubuhi ya siku aliyoanguka, akisema atarudi kuimalizia. Mwenye baiskeli alishanunua nyingine. Anjela alitaka kuishusha, akafukuzwa. Nilipojitolea mimi aliniambia, "Mkwe, itashushwa na aliyeipandisha." Alipoanza kusimama kwenye fito, nesi alisema alikuwa anatazama juu, si mbele kama anavyoelekezwa. Siku moja alinionyesha kwa mkono wake, ukutani, alama ya chaki. "Nikisimama nafika hapa. Pamebaki shubiri moja na nusu kuifikia ringi."

Kwa hiyo nilijua mtu huyu angeficha kidonda. Nilijua na kwa nini. Kilichonitesa ni kwamba sikuwa na uhakika, na nilikuwa na mengi ya kupoteza nikiwa nimekosea, na mengi zaidi nikiwa sijakosea. Mwezi uliotangulia, kwenye kikao cha utafiti, bosi wetu alimtaja Fundi bila jina kama mfano: mshiriki aliyesimama muda mrefu kuliko wote, bila kidonda hata kimoja. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Makofi yale yalitokana na maandishi yangu, na maandishi yangu yalitokana na mdomo wa mtu anayejua kupanga mdomo wake. Kuna watu watakaosimamishwa kwenye fito kwa sababu ya fomu zile, mahali nisipowahi kufika, na ngozi zao hazitaangaliwa vizuri kwa sababu inasemekana kusimama kunatosha.

Nilifikiria kumpigia nesi. Nikafikiria nesi akija na kukuta ngozi safi, Fundi akijua nani kamshtaki, na kibanda kizima kikijua. Nikafikiria kusubiri ziara ya kawaida, iliyokuwa mbali kwa wiki tano. Nikafikiria yule mzee wa Tunduru. Siku ya Jumamosi asubuhi nilichukua begi la fomu na boksi la glovu, nikaenda bila miadi.

Nilishuka kwenye bodaboda kabla ya kona, nikatembea. Kengele haikulia. Fundi alikuwa ameegemea upande mmoja wa kiti, macho yamefumbwa, na mkebe wa solusheni ulikuwa chini yake, wazi, umekauka nusu.

"Shikamoo, Fundi."

Alishtuka. Kidole kikatafuta kengele. "Marahaba, mkwe. Mbona leo kama mwizi?"

"Nimekuja kukuangalia ngozi."

"Siku yake bado."

"Najua."

"Mkwe haangalii huko. Tulishakubaliana."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima kutoka Msamala. Yote yaliniponyoka. Niliinama, nikachukua kifuniko cha mkebe kilichokuwa palepale karibu na gurudumu, wala hakikuwa kimepotea, nikaufunga mkebe. Haikuchukua muda. Harufu ya gundi ilipungua na ile nyingine ikaja, tamu na mbaya, kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Anjela, aliyekuwa mlangoni na trei ya maandazi, aliweka kiganja puani. Alikuwa ameambiwa ni mpira wa mkojo unaovuja, na baba yake alikuwa amemkataza kumwogesha tangu mvua za kwanza.

Fundi alimtazama Anjela, kisha akanitazama mimi. "Nipe wiki mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Kinafunga. Kinafunga taratibu. Pamebaki shubiri moja, mkwe. Ukiandika, wananitoa kwenye vyuma."

"Umekiona?"

Aliutazama msumari mtupu ukutani.

"Kioo chako kiko Namtumbo, Fundi. Umekionea wapi kwamba kinafunga?"

"Wewe kijana una roho mbaya."

"Kaka anajua unachowaambia wengine," Anjela alisema. "Mimi pia nakijua. Utarudia sahani ya nani, baba?"

Pale nilisimama kwa muda ambao kwao labda ulikuwa mfupi. Niliona upande wake: mtu anayemwomba kijana mmoja kitu kimoja tu, wiki mbili. Nilijiona nikimpa. Ingekuwa rahisi, na ingeonekana wema, na ningerudi nyumbani nikawa na jambo jingine la kuwaza badala ya hili. Ningeendelea pia kuwa mkwe.

"Mimi si mkwe wako, Fundi," nilisema. "Sijawahi kuwa. Anjela ana mchumba Mbinga. Mimi ndiye niliyetumwa kukuangalia, na sijawahi kukuangalia."

Nilivaa glovu. Anjela aliweka trei chini, akaja upande wa pili. Fundi hakutupinga. Tulimlaza juu ya mkeka, kifudifudi, nami nikatazama. Sitaeleza nilichokiona zaidi ya kusema kwamba mfupa ulionekana, na kwamba kwa mtu asiye na hisia huko, kilikuwa kinatisha zaidi kwa ukimya wake. Nilimpigia nesi palepale, spika ikiwa wazi ili Fundi asikie kila neno, maana hakupenda mambo yanayosemwa pembeni. Nesi alisema asikalishwe, aletwe sasa hivi akiwa amelala. Majirani wakatafuta kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, tukatandika godoro nyuma, tukaenda naye akiwa ametazama mbao za chini njia nzima. Hakusema neno na mimi. Alisema na dereva mara moja tu, kwamba tairi lake la nyuma halina upepo wa kutosha.

Wodini walimsafisha, wakamtundikia dripu ya dawa. Daktari alisema siku chache zaidi na sumu ingekuwa imejaa kwenye damu. Jina lake lilifutwa kwenye ratiba ya fito. Nilimwona mtu wa mazoezi akilifuta.

Nilikaa kwenye benchi karibu na kitanda chake, nikatoa fomu za miaka mitatu. Tulifundishwa kwamba kosa kwenye fomu halifutwi wala halibandikwi karatasi. Unapiga mstari mmoja katikati, ili kilichoandikwa kwanza kiendelee kusomeka, unaandika ukweli pembeni, unatia sahihi na tarehe. Nilianza na ziara ya pili. Nilipiga mstari juu ya "hakuna". Nikasita juu ya nini cha kuandika. Sikuweza kuandika "kilikuwepo", kwa sababu sikujua. Mkono wangu ulikuwa unajua mkataba wangu unaisha lini na nani anaamua kuuendeleza.

Niliandika. Nikachukua ya tatu, nikaandika tena, na ya nne, hadi ya mwisho, kisha nikazipanga kwenye bahasha ya kumpelekea bosi.

"Umeandika?" Sauti ilitoka kwenye mto. Uso wake ulikuwa umegeukia ukuta.

"Nimeandika."

"Soma."

Nikafungua bahasha. "Ziara ya pili: sikuangalia. Ziara ya tatu: sikuangalia. Ziara ya nne: sikuangalia." Nilisoma zote, moja moja, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza.

"Yote ni wewe? Mimi hujaniandika popote?"

"Hapa ni sehemu yangu."

Alivuta pumzi ndefu. Kidole chake kikagonga chuma cha kitanda mara moja, kama kinatafuta kengele.

"Basi tia sahihi, kijana."

Nikatia.